Mtoto mwenye matatizo makubwa ya hisia na tabia: msaada unaoanzia kwenye familia

Makala hii ni kwa ajili yako wewe mzazi au mlezi ambaye mtoto wako amebadilika tangu mlipokimbia, au tangu mlipofika mnapoishi sasa, na hujui tena umfanyeje. Huenda anapiga wenzake mpaka majirani wanakuja mlangoni kulalamika. Huenda hasemi kabisa. Huenda ana miaka 12 na ameanza tena kukojoa kitandani, au anatoroka usiku, au anasema heri angekufa. Tumeiandika hasa kwa familia zilizotoka mashariki mwa Congo na kuishi Uganda, Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi, lakini nanyi wenyeji mtakuta mengi yanayowahusu.

Kuna jambo moja la kujua kabla ya mengine. Msaada unaomfaa mtoto wa namna hii hautolewi kwa mtoto peke yake. Ukimpeleka kwa mshauri ukamwacha pale kama mtu anavyoacha redio kwa fundi, utarudi kumchukua akiwa vile vile. Mshauri anakaa naye labda saa moja kwa wiki. Saa nyingine zote yuko na wewe, ndugu zake, mwalimu wake na watoto wa jirani. Kwa hiyo huduma nzuri inakuhusisha tangu siku ya kwanza: inakuuliza, inakusikiliza, inakufundisha, na inapanga pamoja nawe. Wakati mwingine mhudumu ataomba kuongea na mtoto peke yake, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini kama kila mara unaambiwa ukae nje na hakuna anayekueleza kinachofanyika ndani, una haki ya kuuliza.

Lini tatizo ni kubwa?

Watoto wote hununa, hugombana na hudanganya. Na mtoto aliyesikia risasi, aliyelala porini au aliyepoteza mtu wake ana sababu ya kulia usiku na kukung'ang'ania mchana. Katika wiki za kwanza mambo hayo ni ya kawaida. Kwa watoto wengi hupungua yenyewe wakipata chakula, usingizi, michezo na mtu mzima wa kuwatuliza. Usiharakishe kumwita mgonjwa.

Tafuta msaada kama hali imezidi mwezi mmoja bila kupungua, au inazidi kuwa mbaya. Angalia pia kama inatokea kila mahali. Mtoto anayekusumbua nyumbani tu lakini shuleni yuko sawa, mara nyingi anakuonyesha kuwa kuna kitu nyumbani. Anayesumbua nyumbani, shuleni na kisimani, huyo ana mzigo anaotembea nao. Angalia tena kama ameacha mambo aliyokuwa akiyaweza: kucheza, kula na wengine, kusoma, kuoga mwenyewe. Na kama anajiumiza au anaumiza wengine, usihesabu wiki, nenda leo.

Watoto wa kimya husahaulika. Mvulana anayevunja vitu atapelekwa ofisini na watu wengi kabla jua halijazama. Msichana wa miaka 13 anayekaa kwenye kona ya nyumba, anayefua na kupika bila neno, husifiwa kuwa ana adabu. Kama zamani alikuwa akicheka na sasa hacheki, huyo naye anahitaji kuangaliwa.

Kabla ya kusema ni tabia, mwili uangaliwe

Mtoto "asiyesikia" huenda kweli hasikii. Masikio yanayotoa usaha kwa muda mrefu hupunguza usikivu, na mtoto aliyeitwa mara tatu bila kuitika huchapwa kwa kiburi asichokuwa nacho. Malaria kali iliyopanda kichwani inaweza kuacha matatizo ya kujifunza na ya tabia hata baada ya homa kupona. Kuumia kichwa pia. Mtoto anayekodoa macho ghafla kwa sekunde chache, asijue kilichosemwa, kisha akaendelea na kazi yake, huenda ana kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Mwambie mhudumu mambo haya hata kama unaona hayahusiani na tabia.

Njaa nayo ni sababu. Mgao unapopunguzwa, hasira huongezeka ndani ya nyumba, kwa wakubwa na kwa wadogo. Hakuna ushauri unaoshibisha. Mhudumu mwenye busara atakuuliza kama mmekula, na kama hamjala atawaelekeza kwenye huduma za chakula au lishe kabla ya kuanza kuongea juu ya hisia.

Mabadiliko ya ghafla, kama kuogopa mtu fulani, kukataa kwenda mahali fulani au kuumwa sehemu za siri, yanaweza kumaanisha kuwa mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono. Hapo nenda kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Hata kama saa 72 zimepita, nenda. Msaada mwingine bado upo. Usimlazimishe mtoto kurudia hadithi mbele ya ukoo mzima.

Uchawi, laana, na lawama kwa mama

Katika jamii zetu, mtoto wa ajabu hutafutiwa maelezo. Wengine watasema ana ndoki. Wengine watasema ni laana ya upande wa baba. Mtoto yatima, mtoto wa kambo, mtoto mwenye kifafa na mtoto anayekojoa kitandani ndio wanaosemwa kwanza, na hili peke yake lingepaswa kutufanya tujiulize: mbona uchawi humpata daima yule asiye na mtetezi?

Katiba ya Congo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu. Ukimbizi haukuondoi kwenye sheria: kumfungisha mtoto chakula kwa lazima, kumchoma, kumfungia au kumfukuza nyumbani ni ukatili pia katika nchi uliko sasa.

Hatusemi uache kusali. Familia nyingi zimesimama kwa sababu ya kanisa au msikiti wao, na mchungaji anayemjua mtoto anaweza kuwa msaada mkubwa. Omba, na uende kliniki. Kiongozi wa dini anayekuambia utupe dawa, au anayedai fedha ili amtoe mtoto pepo, mwache.

Upande mwingine kuna lawama za malezi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," watu husema, na wakisema hivyo huwa wanamtazama mama. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini haikutungwa kwa mtoto aliyetolewa nyumbani kwa mabomu. Hukusababisha vita. Mhudumu anapokuomba ubadilishe jambo fulani nyumbani, hakuambii kuwa wewe ndiye chanzo. Anakuambia kuwa wewe ndiye mwenye nafasi kubwa ya kusaidia.

Huduma yenyewe ikoje?

Huitwa huduma ya afya ya akili na msaada wa kisaikolojia na kijamii. Jina ni refu, na neno "akili" huwatisha watu. Haimaanishi mtoto wako ni kichaa.

Siku ya kwanza ni ya mazungumzo. Utaulizwa mtoto alikuwaje zamani, mlipita njia gani kuja, nani anaishi nyumbani, mtoto anafurahia nini, na ni saa ngapi mambo huharibika. Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, kwa hiyo kabla ya kwenda, jitahidi kwa siku tatu au nne kuangalia: alianza kupiga saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia, na wewe ulifanya nini baadaye. Usiyejua kuandika, yashike kichwani au mwombe mtoto mkubwa aandike.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 11 anayelelewa na shangazi yake. Tumeutunga mfano huu, lakini anayefanya kazi hii atautambua. Anawapiga binamu zake wadogo, ameacha shule, akichapwa anakimbia na kulala nje. Shangazi anakuja akisema mtoto ameshindikana, apelekwe mahali pengine. Baada ya mazungumzo mawili inaonekana kwamba ugomvi karibu wote hutokea jioni, wakati wa kugawa chakula, na kwamba binamu mmoja humwita "mtoto wa kuokotwa". Shangazi alikuwa halijui hilo la pili. La kwanza alilijua, ila hakuwa ameliunganisha na ngumi.

Mpango unaotoka hapo hauna miujiza. Mvulana anapewa sahani yake mwenyewe na kupakuliwa pamoja na wengine, asiwe wa mwisho. Jina lile linapigwa marufuku kwa wote, na mjomba ndiye anayetangaza. Kila siku shangazi anakaa naye dakika kumi wakifanya kitu anachokitaka yeye, hata kama ni kuchonga fimbo tu, bila kumhubiria. Mwalimu anamkaribisha tena na kumpa kazi ya kupiga kengele. Sheria za nyumbani zinakuwa tatu, fupi, zinazojulikana na wote, na adhabu ya kupiga ni kukosa mpira jioni ile, si fimbo. Mhudumu wa kujitolea anapita nyumbani kila wiki kuuliza imekwendaje.

Wiki ya kwanza kuna nafuu. Wiki ya tatu mambo huharibika kuliko mwanzo, kwa sababu mtoto anajaribu kuona kama watu hawa wanamaanisha kweli. Hapa ndipo familia nyingi huacha. Ukijua mapema kwamba wiki hiyo itakuja, utaivuka.

Jambo la fimbo linahitaji kusemwa wazi. Wengi wetu tulichapwa, na tunasema "mchelea mwana kulia hulia yeye". Hakuna anayekuambia umwache mtoto bila mipaka. Mtoto asiye na mipaka huogopa zaidi. Lakini mtoto aliyeona watu wakipigwa na kuuawa, mwili wake umekwisha kujifunza kwamba mkono ulioinuliwa ni hatari ya kufa. Ukimchapa hasikii somo, anasikia vita. Atakimbia, au atapiga. Kuhusu shule, sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 na marekebisho ya sheria ya watoto ya Uganda ya mwaka 2016 zinakataza viboko, kwa hiyo unaweza kuzungumza na mwalimu mkuu ukiwa na sheria upande wako.

Vitu vingine utakavyofundishwa ni vidogo kiasi cha kuchekesha, na ndivyo vinavyofanya kazi. Kusifu jambo maalumu, "umembebea dada yako maji, asante", badala ya "leo umekuwa mzuri". Kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, ukiwa karibu naye, si kwa kupiga kelele kutoka jikoni. Kulala na kuamka saa zile zile. Kumwambia mtoto ukweli mfupi kuhusu baba aliyepotea, kuliko kumwambia "atakuja kesho" kwa miaka miwili.

Baba, tafadhali usiseme hayo ni mambo ya wanawake. Nchini Rwanda kuna mpango uitwao Sugira Muryango, ambao watu wa kawaida waliofunzwa hutembelea familia maskini zenye watoto wadogo na kukaa na baba na mama pamoja. Utafiti ulionyesha kwamba ukatili ulipungua katika nyumba hizo na akina baba walishiriki zaidi katika kuwalea watoto. Kama baba hayupo, mjomba, babu au kaka mkubwa anaweza kushika nafasi hiyo. Familia, kwa maana ya huduma hii, ni wale wanaomlea mtoto kweli, si wale tu walioandikwa kwenye karatasi ya usajili.

Kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye huzuni au wasiwasi mwingi, Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya vikundi yenye mikutano 7 ya watoto na 3 ya walezi wao. Yamejaribiwa kwa vijana wa Syria nchini Jordan na kwa vijana wa Burundi kambini Tanzania. Si kila makazi yanayo. Uliza. Na kama yapo, usikose mikutano ile mitatu ukidhani ya mtoto inatosha.

Nguvu zako wewe

Mlezi asiyelala hawezi kutuliza mtoto asiyelala. Hatusemi hili kukupamba. Kama wewe mwenyewe unaona picha za yaliyotokea, unalia bila sababu, unakunywa ili ulale, au umeanza kumchukia mtoto, mwambie mhudumu. Maneno hayo ya mwisho ni mazito kutamka, na wahudumu wameyasikia mara nyingi. Ni sehemu ya tiba ya mtoto.

Katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikutana katika vikundi vikubwa kwa mikutano mitano, wakisikiliza maelezo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha, ili kujifunza namna ya kubeba msongo wa mawazo. Miezi mitatu baadaye msongo ulikuwa umepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Kama hakuna kikundi cha namna hiyo kwenu, hata akina mama watano wanaopokezana kuwaangalia watoto ili mmoja apumzike alasiri ni msaada.

Wako pia wazazi wanaomfunga mtoto kamba, au kumfungia ndani, wanapokwenda shambani, kwa sababu asipofungwa atapotea au atajichoma moto. Kama umefika hapo, usilifiche. Sema kwa mhudumu: "Ninamfunga, kwa sababu hakuna wa kumwangalia." Tatizo la kweli hapo ni kukosa mtu wa kukaa naye, na hilo linaweza kutafutiwa njia. Likifichwa, mtoto ataendelea kufungwa na hali yake itazidi.

Kuhusu dawa

Wazazi wengi huja wakitaka sindano au vidonge vya kumtuliza mtoto. Kwa ukorofi, hasira na hofu za watoto, dawa si mwanzo wa tiba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unawazuia wahudumu wasio mabingwa kuzitoa kwa ajili ya matatizo ya tabia. Usinunue vidonge vya usingizi dukani ukampa mtoto. Ni hatari.

Kifafa ni tofauti. Kifafa kina dawa, huzuia degedege kwa watoto wengi, na lazima zimezwe kila siku hata kama mtoto amekaa miezi bila kuanguka. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege kali. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni wala usimshikilie kwa nguvu. Degedege likizidi dakika 5, mkimbize kituoni.

Pa kuanzia

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, na useme neno "tabia" au "afya ya akili" pale unapoandikishwa, ili usipangwe kwenye foleni ya homa. Nchini Uganda, vituo vya afya ndani ya makazi kama Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja huhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Huna sababu ya kuona aibu kukaa kwenye benchi moja na jirani yako Mganda, wala yeye na wewe. Mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti wa eneo lako anaweza kukuelekeza.

Nchini Tanzania, Nyarugusu, na nchini Kenya, Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, anza na kliniki ya kambi, au na ofisi ya ulinzi wa mtoto kama suala ni ukatili au mtoto ametelekezwa. Kwa kuwa kutoka kambini kunahitaji kibali, usijaribu kumpeleka mtoto hospitali ya mbali kwa siri. Kliniki ndiyo inayotoa rufaa, na rufaa ndiyo inayofungua njia ya kibali. Kambi za Rwanda na Burundi nazo zina vituo vyao vya afya, na safari huanzia hapo hapo.

Hospitali kubwa za akili zipo: Butabika mjini Kampala, Mathari mjini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma, Ndera mjini Kigali na Kamenge mjini Bujumbura. Watoto wengi hawatahitaji kufika huko. Ukiambiwa kuna haja, uliza nani atamsindikiza mtoto, nani atalipa nauli, na nani atafuatilia mkirudi. Mtoto asipelekwe peke yake.

Kama mtoto si wako wa kumzaa na mmeungana njiani, hakikisha ofisi ya ulinzi wa mtoto inajua kwamba yuko nawe. Kuna utaratibu wa kupima maslahi bora ya mtoto, na hufanyika kwa kuzungumza naye na nawe. Walezi wengi huogopa kwamba wakienda kusema mtoto ana shida, watanyang'anywa. Lengo la utaratibu huo ni kumweka mtoto kwenye familia salama, na familia inayoomba msaada iko mbele ya ile inayoficha.

Tuseme pia lile linalosemwa chini chini. Kliniki si mlango wa kwenda nchi ya tatu. Usiongeze chumvi kwenye hali ya mtoto ukidhani faili nene litawapandisha ndege, na usiifiche ukidhani itawazuia. Mtoto anayefundishwa kuwa mgonjwa huishia kuamini.

Ukiwa mbele ya mhudumu

Huduma ni bure. Mtu akikuomba fedha, zawadi au mapenzi ili akuhudumie, hilo ni kosa, na unaweza kuliripoti kwa UNHCR au kwa shirika lake bila kupoteza huduma.

Unaweza kuomba mkalimani mwingine. Hili lina uzito, kwa sababu mara nyingi mkalimani ni jirani, au ni mtu wa kabila ambalo mtoto ana sababu ya kuliogopa. Mtoto wako mkubwa asitumiwe kutafsiri siri za mdogo wake, wala zako. Msichana anaweza kuomba mhudumu wa kike.

Mnayosema ni siri, isipokuwa kama maisha ya mtoto au ya mtu mwingine yako hatarini. Mwombe mhudumu akueleze mpaka huo kabla hamjaanza, si baada ya mtoto kusema. Uliza pia mpango ni upi, utachukua muda gani, na utajuaje kwamba unafanya kazi. Kama jambo haliwezekani kwenu, sema hapo hapo. Mpango unaotaka mtoto awe na chumba chake, wakati mnalala saba kwenye turubai moja, umeandikwa na mtu ambaye hajawatembelea. Mwalike.

Na mtoto aulizwe. Hata wa miaka sita anaweza kusema ni nini kinamtisha na ni nani anampenda.

Hatari isiyosubiri

Mtoto akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usicheke na usimkaripie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, hata usiku. Ondoa nyumbani au fungia dawa za panya, dawa za shamba, vidonge na vitu vyenye makali. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na mtu mzima mwingine unayemwamini.

Nchini Uganda, Kenya na Tanzania, namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mkihama

Familia nyingi hupoteza miezi ya kazi nzuri kwa sababu zimehamishiwa eneo jingine na faili limebaki nyuma. Mkijua mnahama, rudi kwa mhudumu mapema, uombe barua ya rufaa inayoeleza tatizo, mpango na dawa kama zipo, na dawa za mwezi mmoja kama mtoto ana kifafa. Weka barua hiyo pamoja na kadi ya chanjo na karatasi za usajili, kwenye mfuko wa plastiki. Mkifika, usisubiri mtoto aharibikiwe ndipo uitoe; ipeleke kituo cha afya wiki ile ile ya kwanza.